Jaribio la Kumi na Saba

Tone la kwanza lilianguka mezani, tii,
likabaki tone.
Hilo ni la Machi. Daftari linasema:
asilimia nne, maji yamezidi,
volti elfu kumi na tano kutoka tumbo la tivii ya chogo
aliyoiacha marehemu baba, chumba cha nyuma, Isevya.
Foili niliyoitandaza ipokee nyuzi
ilipokea manyunyu, kama ya mtu aliyekohoa bila kuziba mdomo.

Nikaulaumu umeme.
Umeme haukuwa na kosa (siku hiyo ulikuwepo).
Kosa lilikuwa la minyororo:
molekuli ndefu, ndiyo, lakini chache,
kila moja na safari yake, hazijasokotana;
ukizivuta zinaachana
kama abiria stesheni, treni ya Mpanda ikishawashusha.

Basi nikakaza. Saba. Kumi. Kumi na nne.
Gundi ikawa uji, uji ukawa ugali,
sindano ikaziba, nikaizibua kwa waya wa shaba,
ikaziba.
Kati ya tone na ugali
kuna mahali pembamba panaitwa mnato
na njiani hakuna kibao.

Mjomba Kasanda akaja na ndoo kutoka Ipole,
asali ya miombo, nyeusi kidogo, yenye moshi ndani yake.
Hakuuliza nyuzi hizo ni za nini. Aliuliza
ndoo yake ataipata lini.
Nikamwonyesha bomba la sindano, akachekea puani,
akachovya kijiti, akakiinua usawa wa kifua:
"Mbichi hukatika. Iliyoiva hushuka tu,
ikifika chini inajikunja yenyewe. Tazama."
Ikajikunja, pete juu ya pete,
na mimi mwenye shahada nikatafuta kalamu.

"Wewe unaivuta kwa umeme," akasema,
"mimi ardhi inanivutia bure."

Sikumwambia kwamba ni kwa ajili ya mguu wake,
ule wa kushoto, mwenge ulipomponyoka akirina
na cheche zikaingia kwenye raba.
Tangu Juni anaufunga kwa kanga iliyochanwa
na kila akiifungua, kanga inaondoka na haki yake ya ngozi.
Nataka kitambaa chepesi kuliko pumzi,
asali ndani ya uzi, uzi usiong'ang'ania.

Robo asali: shanga.
Chini ya darubini ya shule, shanga na shanga,
uzi umevimba hapa, umekonda pale,
maana uso wa kimiminika ni mchoyo,
hupenda kujikusanya, hupenda duara,
usipozidiwa nguvu utarudi kuwa tone.
Spiriti kidogo, uchoyo ukapungua.
Chumvi, punje tatu (nilizihesabu kwa ncha ya wembe),
chaji zikapata njia, zikaanza kusukumana
kama ndugu kwenye mkeka mmoja.

Kumi na saba. Oktoba, saa tisa alasiri,
joto la Tabora lile la kukausha mate.
Tone likaning'inia, likasita,
likachongoka kama penseli.
Kutoka nchani kikatoka kitu nisichokiona;
nilichokiona ni kutetemeka kwa hewa,
mjeledi unaojichapa wenyewe, unakonda, unakonda,
na kwenye foili ukungu mweupe
uliokataa kuondoka nilipoupuliza.

Nikakaa sakafuni. Sikumpigia mtu simu.

Novemba mvua ya kwanza iligonga bati usiku.
Asubuhi nikafungua bahasha:
kile kipande kilikuwa kimekunywa unyevu wote wa chumba,
kimenata kwenye karatasi, gundi tena,
gundi tamu, sisimizi wawili ndani yake.

Nimeandika: *unyevu*. Nimepiga mstari mara mbili.
Ukurasa wa kumi na nane una tarehe tu.
Mjomba kapiga simu jana, anachechemea bado,
na ndoo yake iko hapa chini ya meza,
inanitazama.