Kabla ya Jembe

Ijumaa jioni treni iliwatema watatu
kwenye stesheni isiyo na hata mkata tiketi:
Wakesho, miaka kumi na mmoja, vidole vimejificha ndani ya sweta;
Mwadime, tisa, simu juu, akiwinda mtandao kama awindaye nzi;
na Mghoi, mitano, aliyeniuliza kabla ya shikamoo,
"Shangazi, mbona huku hakuna watu?"

Wapo, nikamwambia, ila wamevaa sufu.

Kaka yangu alipiga kutoka Coventry mara nne
kabla hatujafika nyumbani. Wamekula? Kuna baridi?
Mbwa wa jirani amefungwa?
Mwaka wa sita huu niko peke yangu huku Shropshire,
nikiogesha wazee wa watu kwa zamu,
na kaka hajawahi kuniuliza kama mbwa amefungwa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa jembe walilitaka Jumamosi kabla ya chai.
Mwalimu kamwambia Mwadime Warumi walipita pande hizi,
basi wakachimba, katikati ya majani niliyoyafyeka kwa jasho,
shimo la kumzika mbuzi.
Walipata kijiko. Kimepinda, kina kutu.
"Cha Mrumi," akatamka Mwadime, sauti ya hakimu,
nami niliyekipoteza mwaka juzi nikipanda vitunguu
nikanyamaza. Rufaa ya nini?

Halafu mvua. Si ile ya kwetu,
inayokuja na makelele na kuondoka na adabu;
hii hunong'ona, huvua viatu, hukaa.
Nikaazima mabuti kwa Bi Pugh,
Wakesho akaangukia mawili ya kushoto,
tukateremka kilima kwa makalio.
Ndiyo, na mimi. Goti lililalamika,
nikaliambia lisubiri Jumatatu.

Kondoo walitutazama kama wazee wa kanisa.
Mwadime akawaita kwa Kiingereza. Hawakugeuka.
Wakesho, ambaye Kiswahili hukitoa kama sarafu ya mwisho,
akapaaza: "Njooni! Njooni nyie!"
Wakaja. Kundi zima, matope mpaka masikioni.
(Ilikuwa saa yao ya kula; sikuona haja ya kusema.)
Tangu hapo hadi usiku hakugusa lugha nyingine,
kimevunjika hapa na pale,
kama biskuti za mfukoni, lakini zinalika.

Ugali wa semolina. Mayai ya kuku wangu watatu.
Sukuma wiki iliyonusurika konokono.
Taa zilipozimwa giza likawa giza kweli,
na Mghoi akashika shingo yangu:
"Shangazi, nani amezima nje?"
Tukalala wanne kitanda kimoja,
nyayo za Mwadime mbavuni mwangu,
na katikati ya usiku sauti ndogo:
yai linataka kuku, au linataka joto tu?
Joto tu, nikajibu, nusu niko usingizini.

Siku ya tatu haikungoja jembe. Saa tisa treni ikawameza.
Shimo lao limejaa maji, shomoro wanaoga humo.

Nilipong'oa mashuka nikaliona, chini ya mto:
yai, ndani ya soksi ya manjano.
Zima. Baada ya miguu minane na mateke yote yale.

Nilijua la kufanya: maji, chumvi, dakika saba.
Leo ni Jumatano.
Limo bado ndani ya soksi, juu ya hita ya sebuleni.
Sina jogoo. Najua.

Jana kaka kapiga simu. Soksi ya Mghoi, ya manjano,
moja haionekani, hujaiona huko?

Ngoja, nikamwambia. Nitaangalia.