Mnada wa Jumapili ya Mwisho

Bogumila, zimebaki siku kumi na moja
na bado hujajua kukuna nazi bila kukuna na vidole.

Ulipokuja, jina lako tulilielewa nusu:
"mila" tuliijua, "Bogu" tukakuachia mwenyewe.
Ukatuambia kwenu Polandi maana yake mpendwa wa Mungu.
Bibi Venosa akasema, basi na aonje pilipili yetu
tuone Mungu anampenda kiasi gani.

Jumapili ile ya kwanza hapa Pongwe,
baada ya Misa, kwenye mnada wa mavuno,
ulipunga mkono kumsalimu mtoto ng'ambo ya uwanja
na Katekista Shemhilu akapaza: "Elfu kumi na tano, mgeni wetu!"
Ukaondoka na kuku kwapani,
mweupe, mwekundu usoni, kama wewe,
hujui umenunua nini wala umemchangia nani.
Hukumchinja. Ukampa jina la shangazi yako.
Ametaga hadi ndani ya kabati la kanzu za altareni.

Ulikuja na barua: utachimba kisima.
Tuliisoma wote, ilikuwa na muhuri.
Kisima kikachimbwa. Pampu ikakwama bandarini,
halafu zikakwama karatasi za pampu,
halafu mwenye funguo za karatasi akahamishiwa Singida.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
jembe halikuwapo, nikakupa mwiko.

Vikombe sitini na viwili vya chekechea.
Alfajiri uji, saa nne kuosha,
na vumbi la saruji likitua juu ya kila tulichoosha,
tukaosha tena.
Krismasi ulilia nyuma ya stoo
kwa sababu, ulisema, kulikuwa na joto.
Sikuuliza. Nilikuletea ungo wa mchele uchambue,
mawe yakakupa pa kuyaweka macho.

Jana usiku umeniletea fomu ya shirika lenu.
Umenitafsiria swali la saba:
*Umewasaidia watu wangapi? Taja idadi.*
Ukakaa na kalamu, simu ikikumulika kidevu,
ukauliza, Dafroza, niandike nini?

Andika sitini na mbili, nikasema, vikombe havidanganyi.
Au andika Mwanaidi, aliyekuwa hasemi na mtu,
sasa anakutukana kwa Kidigo na wewe unamjibu.
Au andika kwamba ulisaidiwa.
Fomu haina mstari huo?
Uchore.

Hukucheka. Uliandika, ukafuta, ukatoboa karatasi.
Na mimi sikukwambia
kwamba kabla yako alikuwapo Mhispania mmoja,
na kabla yake ndugu wawili wa Slovakia,
na wote niliwafundisha kupepeta,
na wote waliahidi kuandika.
Sikukwambia kwamba Jumatatu ile, ukishapaa,
vikombe nitaviosha peke yangu
nikisema Kiswahili cha polepole
kama vile bado unanisikiliza.

Leo umeisukuma baiskeli yako hadi katikati ya uwanja.
Kengele ilikufa zamani,
kikapu nilikifunga mimi kwa kamba ya mkonge.
Shemhilu anazungusha pedali, mnyororo unalalamika:
"Elfu thelathini! Nani ananyanyua?"
Vijana wa VIWAWA wanatazamana.
Kuna anayekagua tairi kama daktari
kisha anakumbuka ana safari Korogwe.
Kuku wako anapita katikati ya mnada
kama mwenye parokia.

Umesimama karibu na kisima, umekunja mikono,
safari hii unaogopa hata kujikuna.

Nzi amenitua shavuni. Nzi, nasema.
Ninanyanyua mkono nimfukuze.

"Elfu arobaini, Mama Dafroza wa jikoni!"

Siushushi.
Baiskeli sijui kuendesha.