Unga wa Bambakofi

Nyuma ya karakana, Langoni,
palipokuwa na shimo la baba,
nimechota kijiko kimoja cha weusi.
Miaka kumi na tisa alifagilia hapa
unga wa bambakofi, maranda ya mtiki,
na mama akimwaga juu samadi ya punda
akiuambia: lala.

Haukulala.

Ukungu mweupe uliingia kwanza,
usio na patasi wala tupa,
ukaikata lignini, ile gundi ngumu
iliyousimamisha mti bila mfupa.
Ikavunjika vipande: pete za kaboni,
pembe sita kila moja,
kama ua alilolichonga baba
juu ya milango ya watu wenye pesa.
Pete zikapoteza vito vyake,
zikavaa oksijeni,
zikashikana ovyo na sukari iliyooza,
na mizoga ya vijidudu, na lolote lililopita.

Maabara ya skuli, Jumamosi, madirisha wazi.
Nimeuroweka katika magadi makali,
yakatoka maji kama kahawa tungu.
Nikadondosha asidi, tone, tone,
weusi ukaanza kuzama
kama mtu aliyekumbuka deni.
Juu ukabaki umanjano usiotaka kushuka,
hata nilipoungoja mpaka adhuhuri.

Mbwarali wa kidato cha tatu akauliza:
“Mwalimu, fomula yake?”
Nikashika chaki.
Ningeweza kumchorea pete, hapa mkono wa asidi,
hapa fenoli, hapa chembe ya chuma imekamatwa.
Vitabu vya zamani vilichora hivyo,
jitu moja refu la minyororo.
Siku hizi wako wasemao hakuna jitu:
ni umati tu, vipande vidogo vimeegemeana
kama watu wa matanga,
ukiwagusa wanatawanyika.
Nikaiweka chaki chini.

Mbwarali hakupenda. Alitaka alama zake.

Nyumbani, mama aliinusa chupa, akakunja uso.
“Mtanga hunu umekukosea nini
hata ukaupikia sumu?”
Nikamwambia nataka kujua umeundwaje.
Hakujibu. Alichota uliosalia kwa kiganja,
akaupeleka kwenye mkomamanga
chini ya ukuta wa matumbawe unaodondosha chokaa.
Nilijua, kwa maneno, kinachotokea pale:
mikono ya asidi inaidaka kalisi,
inaishikilia,
inauachia mzizi kidogo kidogo.

Mlango wa mwisho wa baba uko hotelini Shela,
umepakwa vanishi. Hauozi.

Mama akanawa.
Chini ya ukucha wa gumba weusi ulibaki.
Akauchokoa kwa kijiti cha mwarobaini
na huo nao
akaupangusia shinani.