Nusu Sauti

Miaka minne nililala chumba kimoja na fidla.
Pazia la kanga katikati: huku mimi na helmeti yangu,
kule Sechelela,
akipanda ngazi za noti na kushuka, akipanda na kushuka,
kama mtu aliyesahau kitu darini,
na nyumba yetu haina dari.

Nikamwambia: dada, hata jogoo wa Nkuhungu
huwika akanyamaza.
Akajibu bila kugeuka:
jogoo hana usaili.

Fidla yenyewe ilitoka Mvumi, kwa mwalimu wa kwaya
aliyehamia Singida akapunguza mizigo.
Mgongoni ina ufa uliozibwa kwa gundi ya seremala.
Nyuzi tatu. Wa nne, ule mwembamba, tuliusikia kwa jina tu.
Mwaka mzima Sechelela alipiga akiruka mahali pasipo na uzi,
kama sisi wa bodaboda tunavyoruka shimo la Chang'ombe
bila kulitazama.

Kisha uta ukanyonyoka.
Wanasema zile ni singa za farasi.
Farasi, Dodoma!
Nilikwenda mnada wa Msalato, mkasi mfukoni,
nikamzunguka punda wa watu kama mwizi;
punda akanisoma nia,
akaniachia kwato pajani, alama ninayo.
Wapiga zeze wa Chamwino ndio waliotucheka kwanza,
halafu wakatupa mkonge uliochanwa ukalainika
na bonge la utomvu, jeusi, la kunusa kama moshi.
Akasugua. Akavuta.
Ilikwaruza.
Akavuta tena.

Mama, anayepima zabibu kwa mizani ya kuazima,
aliuliza swali moja tu katika miaka yote hiyo:
Kazi hiyo ina mshahara, au ina makofi?
Hakuna aliyejua amjibu nini.

Harusi ya kwanza ilikuwa Area D.
Gauni jeusi la deni, viatu vya shangazi vyenye pamba vidoleni.
Walimweka kati ya keki na spika,
mshereheshaji akampigia kelele juu ya kila wimbo.
Mimi nilikuwa nje na walinzi.
Saa sita usiku akatoka na elfu thelathini
na pilau yangu kwenye mfuko, bado ya moto.
Nusu ya pesa ikawa uzi wa nne:
ulikuja na basi kutoka Dar, ndani ya bahasha,
umejikunja kama unywele ndani ya supu.
Siku alipouvuta mara ya kwanza
nilikuwa kitandani navaa soksi.
Nilichelewa kazini. Soksi moja ilibaki mkononi.

Bagamoyo hawakumchukua.
Waliupitisha ule uta mkono kwa mkono, wakaunusa,
wakaandika: mkono wa kulia una desturi zake.
Alilia siku mbili, ya tatu akaanza ngazi
saa kumi na moja alfajiri, kwa hasira, upande ule wa pazia,
na mimi, kwa mara ya kwanza, sikupiga ukuta.
Mwaka uliofuata waliandika mistari miwili
na tarehe ya kufungua chuo.

Sasa juzi, kijiweni, nimewasha pikipiki
nikasikia kitu. Nikazima. Nikawasha.
Nikamwambia fundi Mazoya: injini imeshuka.
Imeshuka wapi?
Nusu sauti.
Alicheka mpaka spana ikamdondoka,
kijiwe kizima kikacheka, muuza karanga naye.
Akafungua ili anidhihaki vizuri.
Akainama. Akanyamaza.
Vali, akasema. Imelegea kidogo sana.
Wewe umejuaje?

Nikamlipa elfu sita, nikapakia abiria wa Ipagala.
Gia ya pili, ya tatu, tunapanda.
Abiria akanigusa bega: Kaka, mbona unaimba?
Siimbi, nikamwambia.
Nakagua.