Maneno Mia Tatu

Nalipwa kwa neno, kama fundi kwa tofali.
Mhariri kataka mia tatu; nimempa mia tatu na arobaini,
nimevaa koti mezani,
maana hita hapa Ljubljana hula kuliko mgeni.

Riwaya ni ya Tadej fulani wa Maribor,
ya kwanza, nene, inajikwaa kila kizingiti.
Ila ukurasa wa tisini na mbili
mama anamenya viazi gizani asimwamshe mtoto,
anavihesabu kwa kuvipapasa.
Hapo niliweka kalamu chini.
Nikayasema hayo. Sentensi mbili, maneno arobaini.

Jumamosi gazeti likatoka.
Mkasi umepita palepale penye viazi.
Yamebaki meno, na jina langu chini yake.

Jumatatu nikampelekea Bogomir wa vitabu kuukuu
sita, vyenye muhuri "Hakiuzwi".
Akavinunua bila kuuangalia:
yuro kumi na moja, umeme wa siku tatu.
Kile kinene nikakirudisha mkobani.

"Na hicho?"
"Hiki kinanidai."
"Kiasi gani?"
"Arobaini."
Akapiga mluzi.
Alidhani ni yuro.