Bao

Kwetu bao ni ubao na kete,
na mtu wa kukaa naye mpaka jua lipoe.
Kwa Guilan, mpangaji wetu wa juu hapa Mabela,
bao ni mkate uliofungwa mdomo,
mweupe, mwepesi, wenye nyama tumboni.
Nilicheka aliponitajia jina.
Naye akacheka, hajui nachekea nini.

Mara ya kwanza alishuka ngazi na sahani,
kitambaa juu, mvuke unapenya.
Nikauliza: nyama gani?
Kiarabu chake kilikuwa cha bei na kilo.
Akalitafuta neno, hakulipata,
akaibonyeza pua yake kwa kidole, akakoroma.
Mjukuu wangu Haitham akaanguka kwa kicheko.
Mimi sikujua niangalie wapi.
Guilan alipotutazama akaelewa,
akawa mwekundu mpaka masikioni,
akapanda na sahani yake
na viatu akaviacha mlangoni.

Vililala kwangu usiku kucha, viatu vile.
Asubuhi nikampandishia, na kibakuli cha halwa,
nikamwambia kwa mikono:
jiko langu, nyama yangu, fundi wewe.

Akaja na kikapu cha mianzi, basi.
Hakuleta kisu, hakuleta ubao,
hata chumvi alichota yangu.
Adabu ile sikumfundisha. Alikuja nayo.

Paja la mbuzi kutoka soko la Sib,
alilikatakata kwa kisu, mashine aliikataa.
Tangawizi, kitunguu cha majani,
mchuzi wa soya kutoka kwa Shaji, duka la kona.
Unga, hamira, sukari ya kuonja tu.
Agosti hii bomba la baridi ndilo linalochoma:
donge likaumuka kabla ya adhana ya adhuhuri.
Nami nikateka karai la mafuta,
maana donge likishaumuka
mkono wangu unajua maandazi tu.
Akanishika kiganja. La. Maji chini, kikapu juu.

Kisha marinda.
Miaka arobaini nashona kofia,
nimetoboa na kuzungushia uzi
vitundu visivyopenya punje ya mchele;
wanaume wa ukoo mzima wanatembea na macho yangu vichwani.
Marinda kumi na manane ya unga yakanishinda.
La kwangu lilitoka kama kitovu cha mtoto mchanga.
Guilan akalipa nafasi ya katikati.

Mkataba wa mumewe kwenye mtambo wa maji
uliisha Ramadhani ilipoanza.
Kikapu akaniachia. Kimeshika harufu
ya nyumba mbili, siwezi kuzitenganisha.

Leo nimejaribu peke yangu.
Ukizima moto, alinifundisha, usifunue,
hesabu dakika tano, la sivyo yanasinyaa.
Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu;
hawakusema mikono aiweke wapi.
Nikaifuta meza. Nikaifuta tena.
Haitham akafunua.

Yakanywea mbele yetu kama mtu aliyeambiwa ukweli.
Moja likapasuka, mchuzi ukamwagika.
"Moja bila," nikasema,
"amenifunga, na hata uwanjani hayupo."
Tukala tumesimama, na achari ya ndimu,
vidole vinaungua, hakuna aliyengoja.

Haitham akampelekea picha ya lile lililopasuka.
Huko kwao ni usiku. Nilidhani amelala.
Simu ikalia: Guilan, jikoni kwake,
unga hadi kwenye nyusi.
Akaibonyeza pua, akatikisa kichwa: siyo.
Akasimamisha vidole viwili juu ya utosi,
pembe,
akatuonyesha sufuria.

Nilitafuta neno kwa Kiarabu, kwa Kiswahili,
nikayaacha yote.
Nikaisogeza simu mdomoni,
mimi, bibi wa wajukuu tisa,
nikamjibu: mee.