Shahidi ni Tatu

Anza na mbili. Izidishe kwa nafsi yake: nne.
Nne kwa nne, kumi na sita.
Kumi na sita kwa yenyewe, na jibu kwa lenyewe,
hivyo hivyo, mara ishirini.
Kisha tia moja juu,
kama muuza mbaazi akutiliavyo kijiko cha nyongeza.
Hapo umeipata namba yangu.

Tarakimu laki tatu, elfu kumi na tano, mia sita hamsini na tatu.
Niliipeleka kwa Shafii wa fotokopi, pale Bondeni:
tarakimu sitini kila mstari, mistari hamsini kila ukurasa,
kurasa mia na sita, na ule wa mwisho
una mistari kumi na moja tu, mmoja haukujaa.
"Mwalimu, hizi ni simu za Kenya nzima?"
Nikamwambia ni namba moja.
Akanipunguzia bei, kwa huruma.

Inaishia saba. Ni witiri,
mbili haiingii. Wala tatu. Wala tano.
Watano wa kwanza wa ukoo wake walikuwa tasa:
tatu, tano, kumi na saba, mia mbili hamsini na saba,
na sitini na tano elfu, mia tano thelathini na saba.
Wa sita akavunjika mikononi mwa mia sita arubaini na moja,
na tangu hapo tasa mwingine hajaonekana.

Tasa.
Lugha yetu ndiyo iliyochagua neno.
Wataalamu hukesha wakiitafuta tasa,
wakiipata hupeana mikono.
Kwetu Kuze neno hilo hilo hutamkwa chinichini
nikipita na ndoo, na huu ni mwaka wa tisa,
na wifi yangu Mwanakheri huniletea dawa ya mizizi
katika chupa ya soda.

Basi nilitaka kujua.
Namba kubwa hivi haivunjiwi mlango,
huitiwa shahidi,
na shahidi wa ukoo huu ni tatu.
(Jirani yetu pia ni Tatu, naye hajui kuficha.)
Tatu huzidishwa kwa nafsi yake; jibu likifurika
hugawanywa kwa namba, hushikwa baki,
baki huzidishwa lenyewe, hushikwa baki lake,
mara milioni moja na ushei.
Mwisho likibaki namba yenyewe kasoro moja,
ni tasa. Ndiyo sheria.
Tasa ni ile iliyobakiwa na kasoro.

Kompyuta kuukuu ya shule, siku tatu mezani pangu,
feni ndogo ikiipepea kama mgonjwa.
Stima ilikatika mara mbili. Nilikuwa nimehifadhi.
Ijumaa kabla ya adhana likatoka baki,
msururu wa tarakimu usio na kichwa wala miguu,
lolote lile ila kasoro moja.

Si tasa.

Ina vigawo, hakuna awezaye kukana.
Na hakuna aliyekiona hata kimoja,
si mimi, si wenye mitambo ya ukubwa wa nyumba.
Tunajua tu kwamba kila kimoja, siku kitakapojitokeza,
kitakuwa kimesimama hatua moja mbele ya kigawe
cha milioni nne, laki moja na tisini na nne elfu, mia tatu na nne.
Saizi ya viatu tunayo. Majina hatuna.

Twalib akaamka. "Umevipata?"
"Nimepata kwamba vipo."
"Viko wapi?"
Akangoja kidogo, akachukua mitungi
akaenda kupanga foleni ya maji.

Mwanakheri alipokuja na chupa yake
niliifunga kwa ukurasa wa mia na sita,
ule wenye nafasi nyeupe nyingi, nikamrudishia.
Akaukodolea macho mstari wa kwanza,
akauliza ni kombe ya nani.